Kava Husomwa Kutoka Ng'ambo ya Barabara

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi mjini Mbeya mbele ya vijana wanaotengeneza gemu. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke. Pale nilipotoka nje ya mada nimepaacha palivyo.

Mugonile! Na waliotoka Iringa na Njombe, kamwene! Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, poleni na baridi. Naona kuna mtu amekuja na blanketi kabisa, na simcheki. Julai ya Mbeya haina adabu.

Nimeombwa nizungumzie kava la gemu, ile picha anayoiona mnunuzi kwenye duka la mtandaoni, iwe Steam, itch.io au Google Play, kabla hajajua lolote kuhusu kazi yako. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

Wanaoifahamu gemu yangu wanajua ni ya kuteremka na lori mlima Kitonga. Umebeba shaba kutoka Zambia, umevuka Tunduma, umepita hapa Mbeya, Makambako, Iringa, Ilula. Sasa uko juu ya mlima. Mbele yako kona, chini kabisa Ruaha Mbuyuni, na breki zimeanza kunuka. Gemu nzima ni hiyo: unashuka. Miaka miwili nilihangaika na kona zile, na uzito wa tela linalosukuma kichwa, na mlio wa injini inapozuiwa kwa gia. Kava nililitengeneza kwa usiku mmoja.

Niliweka lori. Nikaona lori peke yake linapwaya, nikaongeza dereva, uso mkubwa unaelea angani. Nikaongeza utingo. Nikaongeza nyani, kwa sababu kwenye gemu wamo na niliwachora kwa shida, sikutaka jasho lipotee bure. Trafiki naye. Mibuyu ya bondeni. Mwezi. Halafu juu ya yote hayo nikaandika jina, "Mteremko wa Kitonga", kwa fonti nyembamba yenye mikia, kama kadi ya mchango wa harusi.

Kwenye kompyuta yangu lilipendeza. Marafiki wakasema hongera. Dukani ikawa kama vile sijaweka kitu. Steam inakuonyesha kava lako limepita mbele ya macho mara ngapi na ni mara ngapi limebonyezwa, na kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa natazama namba hizo mbili: ya kwanza inapanda polepole, ya pili imelala usingizi wa pono. Nikatafuta wa kumlaumu. Nikailaumu mitambo ya Steam, nikalaumu umbali wetu na dunia, nikasema sisi wa nyanda za juu nani atatuona.

Siku moja pale Kabwe, hapahapa mjini, nikampa simu kijana anayeniuzia vocha. Nilikuwa nimelipunguza kava mpaka udogo linaoonekana nao kwenye orodha. Nikamuuliza, "Hii unaona ni gemu ya nini?" Akaitazama. Akaisogeza karibu na pua. Akasema, "Kaka, hili si tangazo la matairi?"

Jioni hiyohiyo nikapita mtaa wetu wa Soweto kwa fundi wa mabango ninayemjua tangu nasoma shule ya msingi. Vibao vya vinyozi wengi wa mtaa ule ni mkono wake. Nikamkuta amemaliza kibao cha mama ntilie: bakuli la supu, sahani ya wali, maharage, chapati zimepangwa, na pilipili pembeni. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, ngoja kidogo." Akatia brashi kwenye kopo, akavuka barabara, bajaji zinampigia honi, akasimama ng'ambo kituoni penye abiria. Akakitazama kibao chake kwa muda wa kumeza mate. Akarudi, akachovya rangi nyeupe, akaifuta sahani ya wali. Akafuta na chapati. Likabaki bakuli moja, na mvuke akauongeza.

Roho iliniuma. Ule wali ulikuwa umechorwa, punje zinahesabika. Nikamuuliza, fundi, mbona unaharibu? Akasema: "Mtu wa kwenye daladala hahesabu punje. Anaona bakuli linafuka, njaa inamshika, anashuka. Punje atazikuta ndani."

Mimi sina la kuwaambia leo lililo kubwa kuliko hilo. Yaliyobaki ni namna ya kulitekeleza, na humo ndimo wengi tunamochemka.

Tuanze na udogo wenyewe. Kava dogo la Steam unalipeleka likiwa na pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, 462 kwa 174. Kuna orodha ambako wao hulipunguza mpaka 120 kwa 45. Toeni simu, tazameni upana wa ukucha wa kidole gumba. Ndiyo ng'ambo yetu ya barabara hiyo. Sasa chukueni jina langu la mwanzo. "Mteremko wa Kitonga", pamoja na nafasi, ni alama 19. Gawa 120 kwa 19: kila herufi inapata pikseli sita na ushee, na hapo jina limejaa ukuta kwa ukuta. Kwa fonti yenye mikia! Ule haukuwa mwandiko tena, ilikuwa njia ya siafu. Ukilivunja mistari miwili unapata ahueni, lakini picha utaiweka wapi?

Nikalikata. Gemu ikaitwa "Kitonga". Herufi saba, kila moja pikseli 17. Nene, zimesimama, hazina mkia hata mmoja.

Hili linatuhusu sisi kuliko Waingereza. Kiswahili kinafunga mzigo mkubwa ndani ya neno moja. "Tutakapofika" ni neno moja tu na limeshakula herufi 12. Linapendeza mdomoni, lakini kwenye kava dogo ni msiba. Kwa hiyo jina la gemu lisichaguliwe na mtu wa hadithi peke yake huku mtu wa kava akiletewa kama barua ya kuitwa polisi. Wakae meza moja tangu mwanzo. Na hapo nasema "watu" kwa heshima tu, najua wengi wenu mtu wa hadithi, mtu wa kava na mtu wa kufagia ofisi ni yuleyule.

Sasa, ule ugonjwa wa kujaza. Nimejiuliza niliutoa wapi, na jibu ninalo: tumekulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea sinema mtaani. Mnayakumbuka makava ya DVD, sinema ishirini ndani ya diski moja? Nyuso kumi na mbili, bunduki, mwanamke analia, helikopta inaungua. Kava lile halikuwa na kosa. Ulilishika mkononi, likageuzwa nyuma, na muuzaji yuko pale anakusimulia mpaka mwisho wa sinema kabla hujalipa. Kava lako la Steam halina muuzaji, halishikwi, halina nyuma. Limepangwa na mengine ishirini na kidole cha mtu kinateleza.

Tazameni wenzetu waliofanikiwa. Angry Birds ya mwaka 2009 wengi mliicheza kwenye simu za kaka zenu. Alama yake ilikuwa uso wa ndege mmoja mwekundu mwenye nyusi za hasira. Ndani mna ndege wa kila rangi, mna nguruwe, mna manati. Wakaweka uso mmoja. Hollow Knight ya mwaka 2017, kazi ya kikundi kidogo cha Australia, ina ulimwengu mkubwa wa wadudu chini ya ardhi, lakini kinachokaa kichwani ni kichwa kimoja cheupe chenye pembe mbili gizani. Ukikipaka chote wino bado unakijua. Jaribuni hivyo kwa mhusika wenu: mjazeni rangi moja, mtazameni kama kivuli ukutani. Kivuli kikiwa kama gunia la viazi, bado kazi ipo.

Ila naomba nisieleweke vibaya kwamba kava zuri ni kitu kimoja katikati na nyuma patupu. Patupu sana napo panachosha. Mimi shule yangu ya mandharinyuma ni barabara ya Tukuyu. Nenda asubuhi na mapema, ukifika Isyonje ukungu umefunga. Kando ya barabara amesimama mama na ndoo zake za viazi. Unamwona yeye, kitenge chake, ndoo. Hatua chache nyuma yake kuna mti, nao ni wa kijivu. Nyuma ya mti kuna Milima ya Uporoto yote, na hakuna mlima. Ipo, unaijua ipo, unaihisi kwa baridi, lakini haigombanii macho na yule mama. Mchoraji yeyote anayetaka kujifunza kipi kiwe kikali na kipi kififie apande Coaster ya saa kumi na mbili asubuhi, akae dirishani.

Nikauleta ukungu ule Kitonga. Kava jipya lina lori moja, unaliona kwa nyuma, turubai limefungwa kamba, pua imeinama kuelekea bondeni. Barabara inakata kona na kupotea. Kila kitu ni kijivu cha samawati, isipokuwa taa ya breki, nyekundu, na wekundu wake umeumwagikia ukungu. Dereva hayupo. Nyani hayupo, na nilimuaga kwa uchungu.

Jambo la kiufundi hapo: kurasa za Steam zina rangi ya usiku, samawati iliyokolea. Kava langu la kwanza lilikuwa la usiku pia, kwa hiyo kingo zake ziliyeyuka kwenye ukurasa, hujui picha inaishia wapi. Ukungu uliniokoa kwa sababu ni mweupe-mweupe. Google Play kwa kawaida ukurasa ni mweupe, kinyume chake. Kabla ya kupeleka popote, geuza kava liwe la nyeusi na nyeupe. Jina na mhusika vikizama kwenye kijivu kimoja, rangi zilikuwa zinakudanganya.

Nije kwenye ahadi, na hapa nitakaa kidogo. Kava linamwahidi mtu kitu. Mwaka 1987 Capcom walitoa gemu ambayo Japani iliitwa Rockman na Marekani ikaitwa Mega Man. Ndani unacheza roboti mdogo wa samawati ambaye mkono wake wenyewe ndio mzinga. Kwenye kava la Marekani walichora mtu mzima aliyevaa njano na samawati, amesimama kama aliyebanwa na tumbo, ameshika bastola. Gemu ilikuwa nzuri, ikaishi. Kava likabaki kichekesho mpaka leo.

Lile lilikosea kwa kutokujua. Kosa la hatari zaidi ni la kujua. Kabla ya kuchora lile la pili nilikaa siku nzima natazama makava ya gemu za malori. Karibu yote yanafanana: lori linang'aa, mchana, barabara pana, anga safi. Nikashawishika. Nikisema nami nichore lori linalong'aa, wapenzi wa malori watabonyeza, si ndiyo? Wangebonyeza. Wangekuja wakitaka kuchagua injini, kupaka rangi kichwa, kusafirisha mizigo huku redio inaimba. Mimi ndani nina hofu ya dakika arobaini. Nyinyi ni watu wa huku, mnajua gunia lililoandikwa Kyela likifunguliwa nyumbani na kukutwa mchele wa kwingine mama anasema nini, na anawaambia majirani wangapi. Steam mnunuzi anaweza kudai pesa yake ndani ya siku 14 akiwa hajacheza zaidi ya saa mbili, na akitoka anaacha maoni mlangoni. Kwa hiyo sikukimbilia lori la kung'aa. Niliazima kutoka kwenye gemu za kutisha: ukungu, wekundu mmoja, kitu unachokiona kwa mgongo. Anayependa kuogopa ananielewa, na anayetaka redio anapita salama.

Kuhusu bendera, twiga na Kilimanjaro, nitasema kwa ufupi maana najua litaleta ubishi. Twiga kama hayumo kwenye gemu, asiwemo kwenye kava. Mtu wa Brazili haijui Kitonga, lakini mteremko anaujua na breki anazijua. Utanzania wangu nimeuweka kwenye turubai na namna kamba zilivyofungwa, na dereva yeyote wa Tunduma akiliona anacheka.

Masharti. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 Steam hawaruhusu maneno ya ziada juu ya kava: si nyota za wakosoaji, si tuzo, si punguzo la bei. Picha, jina la gemu, na jina dogo rasmi kama lipo, basi. Nilitaka kubandika "Kutoka Mbeya" pembeni, nikaambulia patupu. Ukiwa na toleo jipya kubwa unaweza kuweka kava la muda lenye tangazo lake, lisizidi mwezi.

Vipimo msiandike, nitaviweka kwenye kundi la WhatsApp. Lakini mjue viko vingi na vina maumbo yanayogombana: kava kuu 1232 kwa 706 limelala, lile la wima 748 kwa 896, la maktaba, yaani pale mtu anapoona gemu alizokwisha kununua, 600 kwa 900, na bango la maktaba 3840 kwa 1240 ambalo haliandikwi kitu kabisa. itch.io wanapendekeza 630 kwa 500. Google Play alama ni 512 kwa 512 na bango 1024 kwa 500. Mkichora picha moja iliyogandamana halafu mkaanza kuikata, mtamkata lori kichwa. Tangu mstari wa kwanza wekeni matabaka mbalimbali: mhusika lake, mandhari lake, jina lake. Programu za kuchorea kama Krita na GIMP ni bure na zinafanya hivyo bila shida. Ya wima nililisogeza lori chini na kurefusha ukungu juu. Ya kulala nikalipeleka kulia na jina kushoto. Na kwenye lile dogo kabisa jina limekula karibu kila kitu, limebaki jina na wekundu wa breki. Inaruhusiwa. Makava ni ndugu, hayalazimiki kuwa mapacha.

Asiyejua kuchora amlipe mchoraji. Nalisema kwa hasira kidogo. Steam unalipa dola 100 kuiingiza gemu moja, na mnalipa bila kunung'unika. Mchoraji akitaja bei, "Ah, si picha tu?" Mpe nusu ya malipo kwanza, mpe sentensi moja ya kinachopaswa kusikika moyoni mtu akiona kava, halafu mwache afanye kazi. Picha za kuokota mtandaoni zina wenyewe, hakimiliki ipo hata kama aliyeichora hajui unaishi Mwanjelwa. Na picha zilizotengenezwa na akili unde, tangu Januari 2024 Steam wanataka uzitaje, na wanawaonyesha wanunuzi. Mimi binafsi nazikwepa kwa sababu nyingine: zinapenda kuhesabu punje.

Mwisho, kupima. Sisi tuna tatizo la heshima. Ukimwonyesha Mtanzania kava ukamuuliza "zuri?", atasema zuri sana, hongera, Mungu akubariki. Ukimwonyesha mama yako ndiyo kabisa. Usiulize kama ni zuri. Lipunguze, liweke katikati ya mengine ishirini, mpe mtu simu kwa urefu wa mkono, hesabu mpaka mbili, mnyang'anye. Halafu uliza: uliona nini? Nilirudi Kabwe kwa yule kijana wa vocha na kava jipya. Safari hii hakulisogeza puani. Akasema, "Lori limefeli breki hilo." Nikanunua vocha ya elfu tano ambayo sikuihitaji.

Tukitoka chai tutafanya hivyohivyo na makava yenu. Nimeleta projekta, na umeme ukikatika tutatumia simu. Ila kuna aliyeniuliza nje pale mlangoni, kwa nini lori kwenye kava lina taa moja tu, kama ni kosa la kuchora.

Kabla sijalipeleka Steam nililirudisha Soweto kwa fundi. Akaishika simu, akavuka nayo barabara, nikabaki upande huu nina wasiwasi na simu yangu. Akanipa ishara nivuke. Nikavuka. Akasema, "Umeweka taa mbili. Macho yangu hayajui yaende ipi." Nikamwambia, fundi, lori lina taa mbili nyuma. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe umewahi kuliona lori la Kitonga lenye taa zote mbili?"

Nikaizima ya kushoto palepale, tumesimama kituoni.